Tope Lilitutangulia

Mwaka jana, siku chache kabla mvua hazijaanza, nilibandika kwenye ukuta wa darasa picha ya mashine ya kukimbiza chembe. Ilikuwa fotokopi ya fotokopi, nyeusi tupu, unaona mabomba na sumaku kama moshi. Nikaeleza kadiri nilivyoweza: unachukua vitu vidogo kuliko vumbi lolote ulilowahi kuona, unavisukuma kwa umeme mpaka vinakwenda mbio sana, halafu unavigongesha mahali au unavipindisha kwa sumaku, na humo unapata habari. Binti mmoja anayekaa karibu na mlango akanyoosha mkono. "Mwalimu, sasa hiyo inatuhusu nini sisi watu wa huku?"

Darasa likacheka. Hawakumcheka yeye, alikuwa amesema tu walichokuwa wanawaza wote. Mimi nikatoa lile jibu la walimu, kwamba elimu haina mpaka. Nilipokuwa natembea kurudi nyumbani nikaona aibu, maana mpaka tunaujua vizuri, na kizuizi cha barabarani tunakiona kila wiki.

Haya ninayoandika ni jibu langu la pili. Limenichukua miezi, kwa kusoma kwenye simu usiku, bando likiisha nangoja mwezi mwingine. Nilidhani nitaandika juu ya Ulaya na Marekani. Nikajikuta nimerudi Magara.

Kwa asiyepajua: ukitoka Bujumbura kwa barabara ya kusini, ile inayokwenda Rumonge mpaka Nyanza-Lac, ziwa linakuwa kulia kwako njia nzima na milima kushoto. Kabla hujafika Rumonge unapita Magara. Ng'ambo, asubuhi ikiwa safi, unaona milima ya Kongo kama ukuta wa buluu. Usiku unaona taa za wavuvi wa ndagala, nyingi, mtu mgeni anaweza kudhani kuna mji juu ya maji. Mimi nimekulia hapo, kwenye mawese na samaki. Na kitu ninachokumbuka kuliko vyote ni rangi ya maji baada ya mvua kubwa. Mito inashuka milimani ikiwa myekundu, inaingia ziwani, na ule wekundu unakaa karibu na ufuko siku mbili tatu kabla haujazama. Sisi watoto tulikuwa tunasema ziwa linakunywa udongo. Mama alikuwa anatukataza kuchota maji siku hizo.

Kumbe ule udongo haupotei. Unashuka chini, unalala. Mwaka unaofuata unakuja mwingine unalala juu yake, pamoja na majani, mkaa wa mashamba yaliyochomwa, mifupa na magamba ya samaki, na vijigamba vya viumbe vidogo. Tanganyika ina kina cha mita 1,470 panapozidi, na maji yake ya chini hayana oksijeni, kwa hiyo huko chini hakuna mnyama wa kuvuruga tabaka hizo. Ukizamisha bomba refu ukalichomoa taratibu, unatoa daftari la miaka mamia. Shida ni kwamba kurasa zake hazina tarehe.

Hapo ndipo mashine yetu inapoingia.

Kila kilicho hai kinakula kaboni. Sehemu ndogo mno ya kaboni hiyo ni nzito kuliko nyingine, inaitwa kaboni 14, na kwa kila atomu moja ya kaboni 14 kuna karibu trilioni moja za kawaida. Kikifa, jani au samaki, kaboni 14 iliyomo inaanza kupungua yenyewe, nusu yake inaisha kwa miaka 5,730 hivi. Ukijua imebaki kiasi gani, unajua kilikufa lini. Mmarekani Willard Libby alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1960 kwa jambo hilo. Lakini njia yake ilikuwa ya kungoja kaboni 14 ife ndipo uihesabu, na ilitaka gramu nzima nzima za kaboni. Kwenye tope la ziwa utapata wapi? Unapata kijani kimoja, kipande cha mkaa kama punje ya mtama.

Mwaka 1977 wanafizikia walionyesha njia nyingine: usingoje ife, ihesabu ikiwa hai, atomu moja moja, kwa mashine ya kukimbiza chembe. Unageuza kile kijani kuwa unga wa grafiti, miligramu moja inatosha. Unautoa kama mkondo wa atomu zenye umeme, unausukuma kwa volti milioni mbili au tatu, unaupitisha kwenye sumaku. Darasani nilieleza hivi: fikiri boti mbili zinaingia bandari ya Rumonge kwa mwendo mmoja, moja imejaa mawese, nyingine tupu, na manahodha wanakata kona kwa nguvu ile ile. Iliyojaa inakwenda mbali zaidi kabla haijageuka. Basi kaboni nzito na kaboni nyepesi zinaachana njia kama boti hizo, na mwisho wa njia ya ile nzito umeweka mtu wa kuhesabu. Ni hilo tu. Mwendo wote ule na umeme wote ule ni kwa ajili ya kupepeta.

Chuo Kikuu cha Arizona, mjini Tucson, kimekuwa na mashine ya namna hiyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Na katika chuo hicho hicho amefundisha Andrew Cohen, mwanajiolojia ambaye maisha yake ya kazi sehemu kubwa ameyatumia kwenye tope la Tanganyika. Katika miaka ya 1990 nchi nne za ziwa, yaani Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, zilikuwa na mradi wa pamoja wa kulinda viumbe vya ziwa, na mwaka 1998 mabomba ya tope yalichomolewa mbele ya midomo ya mito, upande wa Tanzania na upande wa Burundi. Mwaka 1998, wandugu. Burundi ilikuwa vitani. Sisi tulikuwa tunahesabu nani amelala porini na nani amerudi, na kumbe tope la ufuko wetu lilikuwa linasafirishwa kwenda kuhesabiwa.

Lilisema nini? Kwamba udongo unaoshuka umeongezeka tangu watu walipokata misitu ya milimani, na upande wa kaskazini wa ziwa, ndio upande wetu, mabadiliko yanaonekana kwa nguvu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wazee wa Magara hawakuhitaji bomba kulijua hilo. Walikuwa wakituambia juu ya mvua za wakati wa uhuru, 1961 na 1962, ziwa lilivyopanda likachukua nyumba. Nilipoona ule mwaka kwenye simu nilimkumbuka babu yangu na kidole chake akionyesha mwembe: maji yalifika hapa.

Halafu kuna jambo la samaki, na hapa kuna ugomvi wa kweli. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake, Cohen akiwemo, waliandika kwamba ziwa limepata joto, maji ya juu na ya chini hayachanganyiki kama zamani, chakula cha chini hakipandi, na kwa hiyo uzalishaji wa ziwa umeshuka kwa asilimia 20 hivi. Kwa samaki wakakadiria asilimia 30. Wataalamu wengine wakapinga: wakasema angalieni nyavu na idadi ya wavuvi kwanza, angalieni pia vita iliyoharibu uvuvi wa Burundi, msikimbilie joto. Mimi nimekua nikisikia ugomvi huo huo ufukoni, kwa maneno mengine. Mmoja anasema ndagala wamekwisha kwa sababu ya makokoro, mwingine anasema ziwa lenyewe limechoka. Mwaka 2016 timu ya Cohen ikarudi na mabomba mengine na tarehe nzuri zaidi, na mifupa ya samaki kwenye tope ikaonyesha kwamba kupungua kulianza kabla ya uvuvi mkubwa wa biashara wa katikati ya karne ya 20. Wakasema pia kwamba sakafu ya ziwa yenye oksijeni, mahali ambapo konokono na samaki wa chini wanaishi, imepungua asilimia 38 tangu 1946. Makokoro hayajasafishwa na hilo, bado yanaua vifaranga. Ila yule mzee aliyesema ziwa limechoka alikuwa na haki kuliko tulivyompa.

Sasa jambo linalonichoma ni hili. Kuanzia mwaka huo huo wa 1998, kulikuwa na shule ya utafiti Kigoma, Mradi wa Nyanza, kila mwaka Julai na Agosti. Vijana wa vyuo vya Marekani walikaa pamoja na vijana wa nchi za ziwa, Warundi wakiwemo, wakajifunza kuchomoa tope, kulisoma, kuandaa sampuli za kwenda maabara, na kuandika. Kigoma si mbali na Magara. Mtu wa Rumonge anakwenda Kigoma kwa boti kama mtu wa hapa anavyokwenda sokoni. Mimi nilikuwa kijana wa umri ule ule, napenda fizikia mpaka wenzangu wananiita Nyutoni, na sikuwahi kusikia kwamba jambo kama hilo lipo. Hakuna aliyenificha. Tangazo lilikuwa vyuoni, na mimi nilikuwa mahali ambapo matangazo hayafiki. Tope la kwetu lilifika Tucson. Mimi sikufika Kigoma, mpaka nilipofika kwa njia nyingine ambayo nyote mnaijua.

Nilipoendelea kusoma nikagundua kwamba hii haikuwa mara ya kwanza udongo wa pande hizi kututangulia kwenye mashine.

Kule Katanga, kusini-magharibi ya ziwa, karibu na Likasi, kuna mahali panaitwa Shinkolobwe. Wakati wa Wabelgiji kampuni ya Union Minière ilichimba pale jiwe la urani lenye nguvu ambayo haijapata kuonekana kwingine. Kwenye migodi mingi urani haifiki hata asilimia moja ya jiwe. La Shinkolobwe lilifika asilimia 65. Mwaka 1940 mkuu wa kampuni, Edgar Sengier, alihofia Wajerumani, akapeleka zaidi ya tani 1,000 New York, zikawekwa ghalani Staten Island. Septemba 1942 afisa wa jeshi la Marekani, Kenneth Nichols, akaenda ofisini kwake na kuzinunua.

Urani nayo ina nzito na nyepesi. Walitaka ile nyepesi, ambayo haifiki asilimia moja. Ernest Lawrence wa California alikuwa ametengeneza mashine ya kukimbiza chembe kwa kuzizungusha ndani ya sumaku. Ya kwanza kabisa, ya mwaka 1931, ilitosha kiganjani. Akaichukua akili ile ile ya boti mbili na kuifanya kuwa kiwanda, mamia ya mashine zikapangwa kule Oak Ridge, Tennessee. Na nani alizikalia usiku na mchana, kushika vifundo na kuangalia mishale ya mita? Wasichana. Wasichana wa mashambani wa Tennessee, wengi wametoka tu shule ya sekondari. Walifundishwa kwa muda mfupi: mshale ukienda huku, zungusha hivi. Wanasayansi wa Lawrence hawakupenda. Ikafanywa mashindano, kundi la wenye udaktari upande mmoja, kundi la wasichana upande mwingine. Wasichana wakazalisha zaidi. Wale wataalamu walikuwa kila mshale ukitikisika wanataka kujua kwa nini, wakati wasichana wanaurudisha tu mahali pake.

Nilipomsomea binti yangu wa karibu na mlango habari hii, alifurahi sana. Baadaye akauliza, "Waliambiwa wanafanya nini?" Nikamwambia hapana. Walijua tarehe 6 Agosti 1945, Hiroshima ilipochomwa, kama watu wengine wote walivyojua. Wachimbaji wa Katanga nao hakuna aliyewaeleza jiwe linakwenda wapi. Akakaa kimya. Mimi nimefundisha miaka mingi na sijapata mfano mzuri kuliko huu wa tofauti kati ya kufundishwa kazi na kufundishwa jambo. Hapa kambini tuna mafunzo mengi, mnayajua, siku tatu, soda na cheti. Sisemi mabaya, mimi mwenyewe vyeti ninavyo, vimejaa bahasha. Lakini mengi ni ya kurudisha mshale mahali pake.

Malipo ya jiwe lile yalirudi kidogo, kwa mlango wa nyuma. Chuo kikuu cha Lovanium, Leopoldville, ambayo sasa ni Kinshasa, kiliongozwa na Monsinyo Luc Gillon, padri aliyekuwa mwanafizikia. Yeye alipigania mpaka Juni 1959 kikapata tanuri dogo la nyuklia, TRICO, la kwanza katika Afrika. Tanuri si mashine ya kukimbiza chembe, humo atomu zinapasuka zenyewe kwa zamu, lakini ni shule ya jamaa moja. Wakati ule Ruanda-Urundi ilikuwa imefungwa pamoja na Kongo chini ya utawala mmoja. Mwaka uliofuata Kongo ikapata uhuru, miaka miwili baadaye Burundi, na kila mmoja akashika njia yake na matatizo yake.

Mwaka huo wa 1959 kuna kitu kingine kilitokea, na ndicho nilichotaka hasa wafanyakazi wa mashirika wakisome. Tuzo ya Nobel ya fizikia walipewa watu wawili, Emilio Segrè na Owen Chamberlain, kwa chembe waliyoigundua mwaka 1955 kwa mashine kubwa ya Berkeley. Segrè alikuwa mkimbizi.

Alikuwa Mwitalia, Myahudi, profesa kule Palermo. Alimtembelea Lawrence, akaomba mabaki ya mashine, vyuma vilivyochoka. Lawrence akamtumia kwa posta kipande cha madini ya molibdeni kilichopigwa na chembe kwa miezi. Mwaka 1937, katika kile kipande cha takataka, Segrè na mwenzake Carlo Perrier wakapata elementi ambayo hakuna aliyewahi kuiona, namba 43, teknetiamu. Leo hospitali za dunia nzima zinaitumia aina yake moja kupiga picha za mifupa na moyo. Kiangazi cha 1938 Segrè alikuwa Berkeley kwa ziara fupi, na Mussolini akatoa sheria za kuwafukuza Wayahudi kazini. Hakuwa na pa kurudi. Lawrence alikuwa amempa dola 300 kwa mwezi. Alipojua kwamba mtu huyu hawezi kwenda popote, akamshushia mpaka 116.

Nilicheka peke yangu usiku niliposoma. Yaani hata yeye! Kazi ile ile, akili ile ile, lakini kwa kuwa wewe ni mkimbizi hiyo haiitwi mshahara, inaitwa motisha. Wale mnaofanya kazi hospitalini na shuleni hapa mnaelewa bila kufafanuliwa. Siandiki hivi ili kumchafua Lawrence, aliye kaburini tangu 1958. Ninaandika kwa sababu watu wanapozungumza juu ya sayansi hii wanadhani imejengwa na watu waliotulia makwao. Lise Meitner, mmoja wa waliotueleza kwamba atomu ya urani inapasuka, alitoka Ujerumani Julai 1938 kwa kujificha, na ndani ya mwaka huo huo akiwa ukimbizini Uswidi akafanya hesabu yake kubwa. Enrico Fermi alikwenda kuchukua Nobel mwaka huo na hakurudi Italia. Na ile skolashipu ya DAFI ambayo kila mwaka vijana wetu wanaisubiri kama mvua, inayotolewa kwa wakimbizi tangu 1992, imebeba jina la Albert Einstein. Nimeuliza vijana kumi hapa, hakuna hata mmoja aliyejua kwamba hilo ndilo jina lake. Wanajua herufi nne tu.

Sasa nirudi nyumbani, kwenye sehemu iliyo ngumu kwangu.

Mashine nyingi za kukimbiza chembe duniani hazitafuti asili ya ulimwengu. Nyingi zipo hospitalini. Zinakimbiza elektroni karibu na mwendo wa mwanga, zinazigongesha kwenye chuma kigumu, na pale zinatoka miale inayoelekezwa kwenye uvimbe wa kansa. Mama yangu alipatwa na kansa ya mlango wa kizazi, tukiwa bado Magara. Hiyo ni kansa ambayo miale inaiweza, hasa ikiwahiwa. Daktari alituambia kwa upole: mama, dawa yako ni mionzi, na nchini mashine hiyo haipo. Akatutajia Kampala, Nairobi na Dar es Salaam. Tukauza sehemu ya shamba la mawese. Hela ikatosha kwa safari na haikutosha kwa matibabu, au ikitosha kwa matibabu haitoshi kwa kulala. Wakati tunahesabu, yeye akafa. Hapakuwa na wa kulaumu katika chumba kile.

Mambo yamesogea tangu wakati ule. Ocean Road, Dar es Salaam, katika lile jengo la Wajerumani la mwisho wa karne ya 19, walipata mashine mpya za kukimbiza elektroni mwaka 2018. Kigali zilianza kazi 2019, kwenye hospitali ya jeshi ya Kanombe. Uganda ilipata somo chungu: mashine yake ya mionzi ya kobalti, iliyokuwa imefanya kazi tangu 1995, ilikufa mwaka 2016, na kwa karibu miaka miwili wagonjwa walibaki bila chochote nchini mwao. Mwaka 2022 Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lilipozindua mpango wake wa kusaidia tiba ya kansa, lilisema nchi zaidi ya 20 za Afrika hazina hata mashine moja. Burundi ilikuwa humo.

Watu wakisikia hivyo wanasema, basi tuletewe mashine. Waulizeni Waganda. Mashine bila mtu wa kuipima, kuitengeneza na kukokotoa dozi ni sanduku. Inataka mwanafizikia wa tiba, fundi wa umeme, fundi wa maji ya kupoza, mtaalamu wa kompyuta. Hao wanatoka wapi? Wanatoka kwenye darasa kama la kwangu au hawatoki.

Na njia zipo, ndilo nililokuja kulijua nimechelewa. Mwaka 2010 wanafizikia, mmoja wao Ketevi Assamagan wa Togo, walianzisha Shule ya Afrika ya Fizikia. Kila baada ya miaka miwili inakaa wiki kadhaa katika nchi moja ya Afrika, wanafundisha chembe, mashine za kuzikimbiza, tiba, kompyuta, na kwa anayechaguliwa wanasaidia nauli na malazi. Ilianzia Afrika Kusini, ikaenda Ghana, Senegal, na Agosti 2016 ikawa Kigali. Fikirieni tarehe hiyo. Mahama, kambi ya Warundi kule mashariki ya Rwanda, ilikuwa na mwaka mmoja na miezi tu tangu ifunguliwe. Walikuwemo humo wanafunzi wa chuo waliokimbia katikati ya mwaka wa masomo, wengine wa fizikia, saa chache kwa basi kutoka kwenye ukumbi ule. Huko Kigali pia ipo taasisi ya fizikia ya Afrika Mashariki, ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda, tangu 2018. Inafundisha shahada ya pili na ni mtoto wa kile kituo cha Trieste, Italia, ambacho Mpakistani Abdus Salam alikianzisha mwaka 1964 ili mtu wa nchi maskini asilazimike kuchagua kati ya nchi yake na sayansi. Yordani kuna SESAME, mashine ya mwanga iliyofunguliwa 2017. Uhai wake ulianza kwa mashine ya zamani ya Berlin ambayo Wajerumani waliitoa zawadi badala ya kuitupa, na wanachama wake ni pamoja na Israeli, Palestina na Irani. Afrika bado haina ya namna hiyo hata moja. Afrika Kusini wanazo za aina nyingine, karibu na Cape Town, na wanafundisha.

Hakuna hata moja kati ya hizo iliyoandika kwamba mkimbizi haruhusiwi. Nimetafuta. Kinachomzuia ni bahasha: pasipoti, matokeo ya shule yenye mhuri, barua ya mwalimu wa chuo, na intaneti ya kutuma yote hayo kabla ya saa sita usiku ya siku fulani. Mtu aliyetoka Magara usiku alibeba mtoto na sufuria. Hakubeba matokeo. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 unazungumza juu ya kutambua vyeti vya nje kwenye kifungu cha 22 na hati ya kusafiria kwenye kifungu cha 28. Wafanyakazi wa mashirika mnavijua vifungu hivyo kuliko mimi. Ninachowaomba ni kidogo na hakihitaji bajeti mpya: mkiwa na dawati la elimu, wekeni ukutani tarehe za shule hizi kama mnavyoweka tarehe za mgao. Na mtu akija kuuliza hati ya kusafiria kwa ajili ya wiki chache za masomo, asiambiwe arudi wiki ijayo mara tano, maana mara ya tano tarehe imepita. Nimemsindikiza kijana mmoja kwenye foleni hiyo, ndiyo maana ninajua ni mara tano.

Yule binti sasa yuko darasa la mwisho. Bado ni mapema kwake, hizo shule zinataka mtu aliyefika chuo, na kabla ya chuo kuna DAFI, na kabla ya DAFI kuna mtihani. Familia yake inazungumza kurudi Rumonge. Kama wakirudi, atakuta ziwa limepanda tena, limekula sehemu ya bandari na nyumba za ufukoni kama miaka ile ya babu. Nimemwambia aandike barua kwa mwalimu wake wa zamani kule aombe nakala ya matokeo yake ya miaka ya kwanza. Ameiandika kwa mkono, kurasa mbili, Kifaransa safi. Nimemkabidhi mwenye boti anayekwenda Jumatano.